Breki Moto: shajara ya kutafuta kanuni ya dadu

Breki Moto ni mchezo wa kuigiza wa mezani. Watu wanne, msimulizi mmoja, na lori lililobeba shaba ya Zambia kutoka mpaka wa Tunduma kwenda bandari ya Dar es Salaam. Hauna ubao wala mshindi. Mmoja ni dereva, mwingine utingo, mwingine fundi, na wa mwisho ni ndugu wa mwenye mzigo aliyepewa kiti ili "aangalie mali". Msimulizi anaeleza barabara, wachezaji wanasema wanafanya nini, na pale jambo linapoweza kuharibika, dadu zinaamua.

Shajara hii inahusu hizo dadu tu. Naiweka ili mwenye wazo lake, la wavuvi wa Ziwa Nyasa au la wachuma chai wa Mufindi, asianze na makosa ambayo sisi tumeshayalipia. Kila mhusika ana sifa nne, Mikono, Macho, Mdomo na Moyo, kila moja na namba yake, na majina hayo hayajaguswa tangu mwanzo. Vingine vyote vimebadilika.

7 Juni 2025: Vifuniko vya soda

Toleo la kwanza lilifuata njia inayojulikana kutoka Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza uliotoka Marekani mwaka 1974. Unarusha dadu ya pande 20, unaongeza sifa yako, na ukifikisha namba aliyotaja msimulizi umefaulu. Dadu hiyo hapa Mbeya sijaiona. Sokoni Mwanjelwa utapata dadu za ludo, basi. Kuagiza nje, gharama ya kuisafirisha inaimeza bei ya dadu yenyewe. Programu za simu zinazorusha dadu zipo, ila simu ikishakaa mezani inaanza kupokea meseji na mchezo umekwisha.

Tukachukua vifuniko 20 vya soda, tukaviandika namba kwa maka peni (Sh 1,500) na kuvitia kwenye mfuko wa kitambaa. Unachomoa, unasoma, unarudisha, unatikisa. Vifuniko tulipewa bure na mama wa grosari.

Kifuniko cha namba 20 kilikuwa kimefunguliwa kwa nguvu, na ukingo wake ulipinda. Kidole kikiwa ndani ya mfuko kinakitambua mara moja. Aliyekuwa utingo, kijana wa chuo, alikuwa anakichomoa huku ametazama dari kama mtu anayeomba dua, na ilichukua muda kabla wenzake hawajashtuka. Tukavigonga vyote kwa nyundo vikawa bapa, na tatizo hilo likaisha.

La pili halikuwa la nyundo. Kwenye namba 20, kila namba ina asilimia 5, iwe ya katikati au ya pembeni. Dereva wetu ana Mikono 3, na kona ya mteremko mkali wa Kitonga tuliipa 12. Anahitaji kuchomoa 9 au zaidi, yaani asilimia 60. Dereva wa miaka mingi anashindwa kona mara 4 katika 10! Tukashusha namba kutoka 12 hadi 8. Dereva akapanda hadi asilimia 80, lakini ndugu wa mwenye mzigo, ambaye hajawahi kushika usukani na Mikono yake ni 0, akapata 65. Popote utakapoiweka namba, tofauti ya mjuzi na mgeni ni asilimia 15 zilezile. Bahati inaongea kuliko mtu. Huenda kuna michezo inayotaka hivyo. Huu wa kwetu unahusu watu wanaoijua kazi yao, kwa hiyo vifuniko vikarudi jalalani.

21 Juni: Dadu za kujaza kiganja

Tulinunua dadu za ludo 20 kwa Sh 200 moja, jumla Sh 4,000. Kanuni mpya: unarusha dadu kwa idadi ya sifa yako ukijumlisha moja, na kila dadu inayotua kwenye 5 au 6 ni ushindi. Ushindi mmoja unatosha. Dadu moja inakupa asilimia 33, mbili 56, tatu 70, nne 80. Hapo mgeni na mjuzi wanaachana kweli. Na kiganja kilichojaa dadu kina raha yake, hilo hakuna aliyebisha.

Ugumu ndio ulioleta balaa. Tulisema jambo gumu linahitaji ushindi mbili badala ya mmoja, na kwenye karatasi ilionekana ni hatua ndogo. Mwenye dadu tatu alikuwa na asilimia 70. Akidaiwa ushindi mbili, anabaki na 26. Msimulizi anafikiri ameongeza chumvi kidogo, kumbe ameshaua mtu. Mwenye dadu nne anatoka 80 na kuangukia 41. Hakuna hatua ya katikati, na kanuni isiyo na hatua ya katikati inamlazimisha msimulizi kuchagua kati ya mteremko mdogo na ukuta.

Tuliongeza pia kanuni ya mkosi, kwamba dadu yoyote ikitua kwenye 1, jambo baya linatokea hata kama umefaulu. Hii ndiyo ninayoiona kwenye michezo mingi ya watu wanaoanza, kwa hiyo naieleza vizuri. Mwenye dadu moja anapata mkosi kwa asilimia 17. Mwenye dadu tatu, 42. Dereva bora, dadu nne na moja ya nyongeza kwa sababu ana vifaa vizuri, anafika karibu 60. Kadiri mtu anavyoijua kazi ndivyo mikosi inavyomwandama. Tukajaribu kurekebisha: mkosi uhesabiwe tu pale ambapo 1 ni nyingi kuliko ushindi. Kihesabu ikawa sawa, mezani ikawa mtihani.

Hapo ndipo nilipoanza kutumia kipimo ambacho sijakiacha. Kwa saa ya simu napima muda tangu dadu zitulie hadi mtu afungue mdomo na kusema kilichotokea barabarani. Kutaja namba hakuhesabiwi. Kinachohesabiwa ni mtu kusema "rejeta imeanza kuchemka" au "askari anatupungia mkono". Kwa vifuniko ukimya ulikuwa mfupi. Kwa dadu tano zenye mikosi ulipita sekunde kumi mara nyingi, vichwa vimeinama, vidole vinasogeza dadu huku na huku, na msimulizi akisubiri. Lori halikuwa kichwani mwa mtu yeyote.

28 Juni: Je, dadu zenyewe ni za haki?

Kulikuwa na dadu moja nyekundu ambayo kila mtu aliigombania. Kabla ya kuilaumu kanuni, ni vyema kuipima dadu.

Njia ya haraka: koroga chumvi nyingi kwenye glasi ya maji hadi dadu ielee, kisha ibonyeze izame na uiachie, mara kadhaa. Ikiibuka na upande uleule kila mara, uzito wake haujalingana, pengine ndani kuna pengo la hewa. Nyekundu yetu ilielea vizuri na kuonyesha 6 na 5 kwa ubishi.

Njia ya hesabu inachosha lakini haina ubishani. Rusha mara 600. Kila namba ilitakiwa kutokea mara 100. Kwa kila namba, chukua tofauti kati ya ulichopata na 100, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa 100, kisha jumlisha majibu yote sita. Jumla ikizidi 11.07, ujue dadu ya haki ingekupa matokeo ya ajabu kiasi hicho chini ya mara 5 katika 100. Wapwa zangu walirusha, mimi nikaandika. Nyekundu iliizidi namba hiyo waziwazi, sita zikiwa nyingi na moja zikiwa chache.

Sababu moja inaonekana kwa macho. Dadu hizi vitobo vyake vimechimbwa. Upande wa 6 umepoteza plastiki nyingi kuliko upande wa 1 unaoukabili, kwa hiyo ni mwepesi na unapenda kukaa juu. Dadu za kasino hujazwa rangi yenye uzito sawa na plastiki iliyotolewa. Sisi tulitupa nyekundu, tukabaki na zile zilizofaulu kwenye maji ya chumvi. Kwa mchezo wa nyumbani inatosha.

Asiye na dadu kabisa atumie penseli ya pande sita. Chonga namba kwa wembe, pande zinazotazamana zijumlishe 7, kisha iviringishe mezani na usome upande wa juu. Penseli mbili zinacheza toleo lote linalofuata.

12 Julai: Dadu mbili na "ila"

Baridi ya Julai imetuhamishia jikoni kwa dada yangu, Soweto ya hapa Mbeya, karibu na jiko la mkaa, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya moshi. Meza ya huko ni ndogo, dadu zinakimbilia chini ya kabati. Dada akaleta ungo. Nashauri kila mtu atumie ungo: una ukingo, hauna kelele za sinia, na unazungushwa kwa mchezaji mwingine bila mtu kuinuka. Dadu ziliegemea kwenye msuko mara mbili tatu na kuzua mabishano, tukatandika kipande cha kitenge ndani, yakaisha. Ungo mpya wa mchezo: Sh 5,000, baada ya dada kudai wake.

Kanuni ya sasa ni dadu mbili, jumlisha, ongeza sifa. 6 kushuka chini, mambo yameharibika. 7 hadi 9, umepata ulichotaka, ila kuna gharama. 10 kwenda juu, umepata bila deni. Mpangilio huu haujaanza na sisi. Michezo mingi ya nje inautumia, na ukiuhesabu utaona kwa nini. Dadu mbili zina matokeo 36. Saba inapatikana kwa njia sita, kumi na mbili kwa njia moja tu. Bahati inakusanyika katikati, kwa hiyo nyongeza ya moja tu ina uzito.

Mwenye sifa 0 anaharibikiwa asilimia 42, anapata "ila" 42, anafaulu safi 17. Mwenye 1: 28, 44, 28. Mwenye 2: 17, 42, 42. Mwenye 3 anaharibikiwa asilimia 8 tu, na mchezo unapoa, kwa hiyo sifa zote tumezikomesha kwenye 2. Ona safu ya katikati: awe mgeni au mjuzi, "ila" inakuja kwa zaidi ya mara 4 katika 10. Ujuzi hauondoi matatizo, unabadilisha kilichopo pembeni yake. Hiyo ndiyo barabara ninayoijua.

Ukimya ulishuka hadi sekunde tatu, nne. Hiyo ni saa ya kwanza ya mchezo.

2 Agosti: Msimulizi amekwisha

Saa ya pili ukimya ulirudi, na safari hii haukuwa wa wachezaji. Kila "ila" inamtaka msimulizi abuni gharama papo hapo. Mwanzoni alikuwa moto: kamba ya turubai imekatika, mama muuza vitunguu amegoma kurudisha chenji. Tulipofika Makambako kila "ila" ilikuwa trafiki. Trafiki Makambako, trafiki Mafinga, trafiki Ipogolo. Fundi akauliza kama nchi hii ina kazi nyingine.

Tulijaribu orodha ya gharama 36 kwenye karatasi, moja kwa kila mchanganyiko wa dadu. Ilishindwa: kutafuta mstari kunakula muda, na ukipata "tairi limepasuka" wakati wahusika wamekaa hotelini wanakula wali maharage, inabidi uruke.

Kilichofanya kazi ni visanduku. Kadi moja ya manila (Sh 1,000 karatasi, tulitumia mbili) ina safu nne za visanduku vinne: Muda, Mafuta, Mzigo, Jina. Ukipata "ila", unatia alama kisanduku kimoja na kusema mwenyewe kwa nini. Muda ukijaa, meli imeondoka. Mafuta yakijaa, lori limelala porini. Mzigo ukijaa, shaba imepungua na mtu atajibu. Jina likijaa, namba za lori lenu zinajulikana kila kizuizi hadi Kibaha.

Nani achague safu? Msimulizi alipochagua, watu walinuna. Wachezaji walipochagua, kila mtu alikimbilia Jina, kwa kuwa halikuumi leo. Dawa ikawa mstari mmoja: safu iliyotiwa alama mara ya mwisho haitiwi tena hadi nyingine iguswe. Baada ya hapo watu wakaanza kuyaona Mafuta.

16 Agosti: Mzee hataki kurusha

Tulimkaribisha mzee aliyestaafu udereva wa malori ya masafa marefu. Shikamoo zikapita, chai ikamiminwa, tukampa usukani. Alicheza vizuri tangu Tunduma hadi Ilula. Tulipofika juu ya Kitonga, lori limejaa, usiku, msimulizi akamsogezea ungo.

"Mzee, rusha tuone kama breki zitashika."

"Breki sijazigusa, mwanangu."

"Lakini unashuka Kitonga."

"Nimeingiza gia ndogo kabla sijauanza mteremko. Nashuka kwa gia ambayo ningepandia. Injini ndiyo imelishika lori. Breki nagusa, naachia, nagusa, naachia. Anayezikanyaga toka juu hadi chini ndiye breki zake zinapata moto, na zikishapata moto hata ukisimama juu ya pedeli ni bure." Akausukuma ungo urudi. "Huyo ndiye mmpe dadu."

Msimulizi alitaka kubishana. Wengine tulikuwa tumeshaelewa kwamba mchezo unaoitwa Breki Moto haukuwa na kanuni yoyote kuhusu breki kupata moto. Tulikuwa tunarusha kwa sababu mahali ni maarufu. Tulirusha kuwasha injini, tulirusha kununua nyanya za Ilula, tulirusha hata kwenye mzani, wakati uzito wa jumla ukizidi tani 56 umezidi, hakuna bahati hapo. Cha kurushia ni Mdomo, baada ya mzani kusema.

Kanuni mpya inasomwa kwa sauti kabla mtu hajashika dadu: *Nini kinaweza kuharibika, na nani ameshakizuia?* Kama hakuna kinachoharibika, endeleeni. Kama mtu ameshakizuia kwa alichokisema, endeleeni. Urushaji wa dadu ulipungua hadi kama nusu, na ule uliobaki watu waliusogelea wakiwa wamesimama. Wachezaji nao walianza kuongea mapema: utingo anashuka kuweka mawe kwenye tairi kabla hajaulizwa, fundi anagusa ngoma za breki kwa kiganja pale Inyala. Sijaona badiliko lingine lililofanya kazi kubwa hivi, na halikuhusu hesabu hata kidogo.

30 Agosti: Msaada na dadu ya tatu

Kasoro iliyobaki ilikuwa ya kusaidiana. Kanuni ilisema anayesaidia anaongeza 1. Basi kila kitu kikasaidiwa na wote. Dereva mwenye 2 pamoja na watu watatu ni 5, na dadu mbili haziwezi kushuka chini ya 2, kwa hiyo jumla ya chini ni 7. Kuharibikiwa kumefutwa kabisa.

Sasa msaada hauongezi namba. Unaleta dadu ya tatu, unarusha zote, unabakiza mbili kubwa. Msaidizi wa pili haongezi kitu. Kwa mwenye sifa 0, kuharibikiwa kunashuka kutoka asilimia 42 hadi 19, "ila" inakuwa 45, kufaulu safi kunapanda kutoka 17 hadi 36. Msaada mkubwa, lakini shimo bado lipo. Na ikitokea "ila", anayetia alama ni aliyesaidia, kwa maneno yake. Hii ilimaliza tabia ya kusaidia kwa mazoea.

Mvua kubwa, giza, usingizi: dadu tatu, bakiza mbili ndogo. Kwa mwenye sifa 0, kuharibikiwa kunaruka hadi asilimia 68, kufaulu safi kunabaki 5. Ni kali mno kwa matumizi ya kila saa. Tumeandika kwamba msimulizi anaruhusiwa mara moja kwa kila kipande cha safari.

20 Septemba: Mchezo bila sisi

Tulichapa kanuni na kadi (Sh 7,000) na kuzituma kwa basi hadi Iringa (Sh 5,000) kwa kundi ambalo halijawahi kucheza nasi, kwa sharti wasitupigie simu kuuliza. Wao wakajirekodi kwa sauti.

Walisoma "tia alama kisanduku upate unachotaka" kama malipo ya kuruhusiwa kurusha. Walikuwa wanatia alama kwanza, wanarusha baadaye, na walipofika Chimala lori lilikuwa limekwisha mafuta, muda na heshima. Nilitaka kuijaribu kanuni yao kabla ya kuitupa, maana kulipa mapema kuna mvuto. Tuliicheza Mbeya jioni moja. Watu waligeuka wahasibu, wakaanza kupima kama jambo linastahili kisanduku, na saa ya simu ikarudi kwenye sekunde kumi. Tumeiacha. Sentensi sasa inasema: "Rusha kwanza. Ukipata 7, 8 au 9, unapata ulichotaka. Kisha tia alama kisanduku kimoja na useme kilichotokea."

Kosa lao la pili lilikuwa letu kwa asilimia mia: hatukuandika popote kwamba dadu iliyoanguka nje ya ungo irushwe tena. Walibishana kuhusu hilo muda mrefu kuliko walivyoshuka Kitonga.

Gharama zote hadi leo ni Sh 24,500, bila chai na mkaa wa dada.

Kinachosumbua sasa ni Moyo. Tangu swali la Mzee liingie, Mikono na Mdomo zina kazi, Macho ina kazi ya kutosha, lakini Moyo haijarushwa karibu kabisa. Wachezaji wenye Moyo 2 wanalalamika wamenunua mbuzi kwenye gunia. Toleo lijalo linageuza safari: kutoka Dar kwenda Tunduma, na kipande cha mwisho ni usiku mzima kwenye foleni ya malori ya Mpemba, karibu na Tunduma, lori limezimwa, watu wanazunguka na tochi, na kuna mtu anafungua turubai lenu kwa nyuma. Nani ashuke?